Kuanza dredi bila jeli ya dukani: koili, twisti, kroshe au kuziacha tu?

Mimi na dada yangu tulianza dredi siku moja, Jumamosi ya mwisho wa Machi, tumekaa kwenye ngazi za nyumba ya mama kule Umoja, Nairobi. Nywele zetu ni za tumbo moja: pilipili kavu, zile zinazovunja meno ya kichana. Yeye alitaka koili, fungu moja la nywele lililosokotwa, mimi nikataka twisti, mafungu mawili yaliyozungushwa pamoja. Jambo moja tulikubaliana: hakuna jeli ya mkebe, hakuna nta, hakuna dawa ya kupulizia. Kufika Jumanne, mvua ya masika ilimkuta kati ya steji na lango, na nusu ya koili zake zikafumuka kama pamba. Zangu ziliingia kwenye mvua hiyo hiyo zikatoka zimeloa tu.

Usinipe ushindi bado. Mwaka ulipoisha, zake zilikuwa mviringo na zimenyooka kama penseli, na zangu kadhaa, ukizipapasa, bado zilikuwa na mawimbi ya kamba. Ndiyo maana swali la "njia gani ni bora" huwa silijibu. Ukiondoa mkebe wa dukani kinachobaki ni kungoja, na njia hizi hutofautiana hasa katika kungoja huko: utakaa na kichwa cha namna gani, kwa miezi mingapi, na nani atakuuliza maswali.

Kinachofunga ni nini hasa

Kazi yangu ni useremala. Karakanani, mbao mbili zikitakiwa kushikana unapaka gundi, unabana kwa jiliwa, unaenda kunywa chai. Watu wengi wanaichukulia jeli kuwa ndiyo gundi ya dredi. Chukua kamba ya katani uifumue: utakuta nyuzi fupi fupi zilizosokotwa na kusuguana mpaka zikashikana, na gundi huoni. Dredi ni ndugu ya kamba hiyo. Unywele wa pilipili ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, umbo lake si duara, umebonyea kama yai, nao hujikunja, na kila mkunjo ni ndoano. Juu yake kuna magamba yaliyopangana kama vigae vya paa, ambayo yakisuguana hunasana. Tena kichwa cha mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Mwenye afro anaziona kwenye kichana. Za mwenye dredi hubaki ndani, zikavikwa na zile ambazo bado zimeota, na dredi ikazidi kushiba.

Kazi ya jeli, basi, ni kulishikilia umbo hadi nywele zijishike zenyewe. Na kazi hiyo hata maji matupu huiweza kwa siku chache. Unywele ukiloa, vifungo vya haidrojeni ndani yake huachia. Ukikauka, hujifunga tena katika umbo ulilouachia. Rola za saluni zinaishi kwa ujanja huo huo. Shida ni kwamba maji yaliyokufungia ndiyo yatakayokufungulia. Mvua, jasho la mpira, mvuke wa bafu la maji moto, yote ni maji. Dada yangu Jumanne ile hakuwa amekosea kitu. Umbo alilopewa na maji lilichukuliwa na maji.

Koili na twisti, kichwa kwa kichwa

Urefu wa nywele zako huenda umeshakuchagulia. Koili zinaanza na nywele za sentimita 3 au 5. Unaloanisha fungu dogo, unaingiza kichana cha meno membamba karibu na ngozi, unazungusha huku ukishuka hadi nchani. Twisti inataka sentimita 7 na zaidi, la sivyo ncha hazishikani. Nywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo aliyetoka kwa kinyozi juzi akitaka twisti anajiambia angoje nusu mwaka. Aanze koili zikifika sentimita 3.

Kama zako zina urefu wa kutosha njia zote mbili, hapo ndipo pa kufikiri. Koili ni uzi mmoja uliosokotwa, na uzi mmoja ukiuachilia hurudi ulikotoka. Jaribu na uzi wa kushonea uone. Lakini sokota nyuzi mbili kila moja upande mmoja, kisha uzizungushe pamoja kwa upande wa kinyume: kila moja inataka kufumuka, na katika kutaka huko inamkaza mwenzake. Twisti imezaliwa na jiliwa yake. Fundi akikusokotea bila kuzisokota kwanza zile nyuzi mbili moja moja, yaani akizipishanisha tu, mwambie arudie, maana hizo zitafunguka wiki ya pili hata usipozigusa.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua utaishije. Koili zisizo na jeli hazitaki kuoshwa kabla ya wiki tatu au nne, na zikioshwa, nyingi zitafunguka na utaketi tena na kichana. Dada alioga na mfuko wa plastiki kichwani mwezi mzima. Alilala na stokingi. Mba ilimwasha hadi akawa anajipigapiga kichwa kwa kiganja ofisini kule Upper Hill, na mwenzake wa dawati akamuuliza kama ni salamu. Mimi baada ya wiki mbili niliosha, nimevaa stokingi iliyobana, nikabonyeza povu juu yake bila kusugua. Zilizofumuka hazikufika kumi.

Kwa sura, siku ya kwanza koili hushinda. Zinaonekana kama dredi changa tangu saa ya kwanza, mistari ya kichwa imenyooka, na bosi anadhani umetoka saluni. Twisti zinaonekana ni twisti, mtindo wa wiki mbili, na watu watakuuliza unazifungua lini. Mwezi wa tatu hadi wa sita sura hizo hupotea kwa wote. Nywele huvimba katikati, vijifundo hutokea, mizizi hupanda kama moshi, na urefu unapotea. Zangu zilikuwa zinafika kidevuni, zikarudi hadi masikioni bila kukatwa hata unywele mmoja. Wengi hukata tamaa hapa na kukimbilia kinyozi, na inasikitisha, kwa sababu kuvimba huko ndiko kufunga kwenyewe. Twisti inavumilika zaidi katika kipindi hiki kwa kuwa muundo wake unabaki chini ya fujo, lakini huo muundo ndio unaochelewa kutoka baadaye. Koili ina mateso mwanzoni na raha mwishoni.

Kuhusu ukubwa wa viboksi, yaani vile vipande ambavyo kichwa hugawanywa, kimoja kwa kila dredi, sheria ni moja kwa njia zote: dredi ikikomaa huja kuwa na unene unaokaribia kiboksi ilichotoka. Anayetaka nyembamba sana akumbuke kuwa dredi ya urefu wa mgongo, iliyoloa, ni mzigo, na mzizi mwembamba ndio utakaoubeba. Nimeona watu waliopata upara wa kipaji cha uso kwa sababu hiyo, pamoja na tabia ya kusokota upya kila wiki ili mistari ionekane. Mara moja kwa mwezi inatosha. Dada alipunguza hadi wiki sita na hakufa.

Njia za fundi

Kroshe ndiyo njia safi kuliko zote kwa asiyetaka kupaka kitu. Nywele zinakuwa kavu kabisa, hata maji hayahitajiki. Fundi ana sindano yenye ndoano nchani, ya milimita 0.5 au 0.75, anaivuta ndani na nje ya fungu la nywele hadi zinasukana zenyewe, na unatoka siku hiyo hiyo na dredi za sura ya mwaka mmoja. Unaweza kuogelea wiki ijayo. Hakuna kuvimba kwa kutisha, na mkwe hana cha kushangaa.

Sasa gharama. Inachukua siku nzima, wakati mwingine mafundi wawili, na unalipa mara kadhaa ya bei ya koili. Hiyo ni ya mfuko. Ya nywele ni kwamba sindano haichagui: kila inapovuta inaweza kukata, na fundi mwenye haraka anakuachia dredi ngumu kama waya, ambazo hazipokei maji, hazikauki, na ambazo huwezi kuzifungua ukibadili nia. Twisti ukiichoka mwezi wa pili unaifumua jioni moja mbele ya televisheni. Kroshe ukiichoka unaita mkasi. Ningeichagua kwa mtu ambaye kazi yake haivumilii miezi ya ujana wa dredi, na ambaye ameona kwa macho yake kichwa alichokishughulikia fundi huyo mwaka mmoja au miwili iliyopita. Picha ya siku ya kwanza isikushawishi. Siku ya kwanza kila kroshe inapendeza.

Ukienda kwa fundi bila jeli, jiandae kwa mazungumzo. Pale Kenyatta Market, ambako wasusi wanakushika mkono kabla hujaamua unaenda kwa nani, mimi nilimwanza msusi mmoja hivi:

"Dada, leo hatupaki chochote."

"Kaka, bila jeli zitakataa."

"Zikikataa nitarudi, na nitakulipa tena."

Alicheka, akaita wenzake waje kumwona mteja wa ajabu, kisha akaomba maji kwenye kikombe. Kwa haki yake, mkebe unamrahisishia: mkono hauchoki na mteja anaondoka anang'aa. Bila jeli anatumia muda zaidi kwa bei ile ile. Mwongezee kidogo.

Kuna pia kupitisha ncha kwenye mzizi, ambako kwa lugha ya saluni ni intaloki. Ncha ya dredi inapitishwa kwa kifaa katikati ya mzizi wake, juu kwenda chini, kisha kushoto kwenda kulia, hadi ibane. Haihitaji kupaka kitu, haifunguki kwa maji, na ritachi yake, yaani kukaza mizizi upya, ni ya wiki sita hadi nane. Kwa wakimbiaji, wachezaji, waogeleaji, na wenye nywele zinazoteleza, sioni mshindani wake. Hatari ni moja na ni ya uzembe: anayepitisha upande ule ule kila mara anatoboa mzizi, na dredi inagawanyika miguu miwili kama manati. Ukiona kitundu, sema mapema.

Kuanzia na misuko ya kawaida nako kunawezekana. Inashika kuliko twisti, lakini alama ya msuko inaweza kudumu mwaka na zaidi, na utakuwa na mizizi iliyovimba juu ya ncha zilizosukwa. Kuchana kinyume, yaani kutoka nchani kuelekea mzizini, ni kwa wenye nywele za singa. Mwenye pilipili hana haja nayo, atajivunjia tu.

Kuziacha

Ukishuka mtaa wa Kimathi katikati ya jiji utamkuta Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, amesimama akiwa wa shaba, bunduki mkononi, dredi kichwani. Sanamu hiyo ilizinduliwa 2007. Wapiganaji hao walioingia msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya miaka ya 1950 hawakuwa na kichana wala fundi, na nywele zilijifunga. Mwenzao Muthoni wa Kirima alizifuga zake tangu msituni hadi Aprili 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya. Miaka karibu sabini, na mkebe wa jeli haukuhusika. Anayeniambia kwamba nywele za Mwafrika "haziwezi kushika bila kitu" namwelekeza kwenye sanamu ile.

Kwa hiyo kuziacha kunafanya kazi. Unaosha, unakausha, huchani, basi. Nywele zinajikusanya zenyewe kadiri mikunjo yake inavyotaka. Hakuna mzizi unaovutwa, kwa hiyo ngozi ya kichwa inapumzika, na kuosha ni kila wiki bila hofu ya kufumua chochote. Kwa aliyewahi kupata upara wa kipaji kwa misuko ya kubana, hii ndiyo njia ningemshauri kwanza, kabla ya zote.

Watu wanachokosea ni kudhani kuziacha maana yake ni kusahau. Ukisahau, dredi tatu zinaungana kuwa moja, hiyo inaungana na jirani, na baada ya mwaka una mkate wa nywele kisogoni, bapa, usiokauka. Baada ya kila kuosha, zikiwa na unyevu, pitisha vidole kwenye mizizi uziachanishe zile zinazoanza kuoana. Dakika kumi. Zikikomaa zikiwa zimeungana utazipasua kwa maumivu au hutazipasua kabisa.

Ubaya wake mwingine uko kwa watu. Koili na twisti zina mistari, na mistari humtuliza mtazamaji. Kichwa kilichoachwa hakina mstari. Mama alivumilia twisti zangu, lakini binamu yetu aliyeziacha zake aliulizwa katika kila mkutano wa familia, "Baba, kuna kitu kinakusumbua?" Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua Septemba 2019 kwamba shule haikuwa na haki kumfukuza mwanafunzi wa Kirasta kwa ajili ya dredi zake, na uamuzi huo una uzito wake. Ila anayekuhoji kazi hatakuambia kwamba ni nywele. Kama uko katikati ya kutafuta kazi, nadhani ni busara kuanza na mistari, kisha uiachilie ukishapata mkataba. Dredi hazijali ulibadili njia.

Kwa nywele fupi sana, sentimita 2 hivi, kuna njia ya katikati: taulo kavu. Unasugua kichwa kwa mizunguko midogo, upande mmoja tu, dakika tano kila asubuhi, na vijifundo vinajitokeza. Havitakuwa sawa kwa ukubwa. Mlinzi wa karakana yetu alianza hivyo kwa taulo la kufutia jasho, na leo zake ni nzuri kuliko zangu.

Ukitaka kupaka kitu cha nyumbani

Hapa ndipo penye uongo mwingi. Kitu kutoka jikoni au shambani si lazima kiwe rafiki wa dredi. Mimi huuliza swali moja tu: kitatoka kwa maji?

Nta ya nyuki ni ya asili kama asali, na ndiyo mbaya kuliko zote. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Maji ya kuoga yakifika hapo yatakuunguza. Maana yake nta ikiingia ndani ya dredi haitoki, na kila vumbi linalopita linakuwa mgeni wa kudumu. Mimi nafanya kazi kwenye unga wa mbao, hebu fikiria.

Alovera na mbegu za kitani ndizo zinazostahili kulinganishwa. Jani la alovera ukilikata, lisimamishe kwanza litoe ule utomvu wa manjano, kwa kuwa unawasha ngozi, ndipo ukwangue ute mweupe na kuusaga. Unashika kidogo, unapoa kichwani, na unaoshwa kirahisi. Jeli ya kitani unaichemsha: robo kikombe cha mbegu kwa vikombe viwili vya maji, dakika kama nane hadi maji yawe mazito kama mlenda, kisha unachuja kabla haijapoa, la sivyo utabaki kuipigania kwenye kichujio. Stokingi safi inachuja vizuri kuliko kichujio cha chai. Hii inashika kweli, karibu sawa na ya dukani. Lakini ukiipaka juu ya ile ya wiki jana bila kuosha, inabanduka vipande vyeupe na kila mtu anadhani una mba. Zote mbili hukaa kwenye friji wiki moja hivi. Ikibadilika harufu, mwaga. Koili zinahitaji kitani. Twisti zinatosheka na alovera, au maji matupu. Kroshe na intaloki hazihitaji kitu, na anayekupakia baada ya kroshe anakupakia mazoea.

Maji ya chumvi ya kupulizia yanasaidia nywele zinazoteleza kwa kuzikwaruza. Pilipili tayari imekwaruzika, utaikausha hadi ikatike. Ndimu ni kali mno kwa ngozi ya kichwa, na ukitoka nayo juani inaweza kukuacha na malengelenge. Parachichi na ndizi... hapa nina aibu. Mwezi wa pili niliponda ndizi mbivu, nikapaka, kwa kuwa nilisikia inalainisha. Inalainisha. Vile vinyuzinyuzi vyake vikabaki ndani ya twisti, vikakauka vyeusi, na kwa siku nne nilinuka kama kibanda cha matunda jioni. Nilitumia sindano ya dada kuvichokoa kimoja kimoja. Chakula kisiingie kwenye dredi.

Mafuta huja baadaye na kwa uchache. Mafuta yanatelezesha, na nywele zinazoteleza hazinasani, kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza paka kwenye ngozi tu, kwa ncha ya kidole. Ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana Julai chupa yako inakuwa nyeupe na ngumu. Kwenye ngozi yatayeyuka, lakini ukiyapaka hadi nchani asubuhi ya baridi yanaganda huko. Ya mbarika hayagandi, ila ni mazito na yanavuta vumbi. Kwa anayepanda matatu ya madirisha wazi kupitia Jogoo Road, tofauti hiyo ataiona kwenye taulo.

Maji, sabuni na mwezi wa Julai

Kichwa kichafu hakifungi haraka. Hiyo ni hadithi ya zamani na haina ukweli: mafuta ya ngozi yanazitelezesha nywele vile vile kama mafuta ya chupa. Sabuni ya kipande isiyo na marashi mengi inatosha, kwa sharti la maji. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo mengi yanatoka Ndakaini, ni laini, na povu linaondoka. Mgao ukikukosa na ukanunua mitungi ya maji ya chumvi ya kisima, sabuni hiyo hiyo inaweza kuacha utando mweupe ndani ya dredi, mgumu kuutoa. Jaribu mkononi: povu lisipotoka kirahisi, ahirisha kuosha kichwa, au suuza mwisho kwa kijiko kimoja cha siki kwenye kikombe cha maji. Baking soda iache kwa usafi wa mara moja moja. Iko upande wa alkali na ngozi ya kichwa iko upande wa tindikali, na ukiizoea nywele zinakuwa kama nyasi.

Kukausha ni muhimu kuliko kuosha. Dredi hushika maji katikati, na Juni hadi Agosti Nairobi jua linaweza kujificha siku tatu. Ukilala nazo zimeloa, ukungu unaanza ndani, na harufu yake huitambui wewe, anaitambua aliyekaa nyuma yako kwenye matatu. Osha asubuhi, Jumamosi, kamua kwa fulana kuukuu ya pamba maana taulo linaacha manyoya, na usivae kofia hadi mizizi ikauke. Hapa kroshe ngumu na mkate wa nywele ndizo zinazoteseka zaidi. Koili nyembamba za dada zinakauka saa mbili kabla ya zangu, na hilo hunikumbusha kila Julai.

Kama bado huamui

Fanya ulinganisho kwenye kichwa chako mwenyewe. Kisogoni, chini, ambako nywele za juu zitafunika, tenga viboksi vinne. Kimoja koili kwa kitani, kimoja twisti kwa maji matupu, kimoja intaloki, kimoja usikiguse. Zingine zote zibaki afro. Kaa navyo wiki mbili za maisha yako ya kawaida, pamoja na jasho, mto, helmeti ya boda na mvua kama ipo. Kisha osha kwa maji na sabuni utakayotumia siku zote, kausha, na uombe mtu akupige picha ya kisogo. Dada yangu alifanya hivyo mwaka huu kwa mtoto wake wa kiume, na kiboksi kilichokuwa kimesimama vizuri kuliko vyote ni kile ambacho hakikuguswa. Kijana ameziacha. Mama bado hajaambiwa.